Sura ya Saba: Mkate Usio na Unga

Mambo yaliharibika siku ya Jumamosi, tarehe kumi na nne, mchana wa jua kali, saa ileile niliyotakiwa kukubaliwa posa yangu.

Nilikuwa nimevaa shati la bluu lililopigwa pasi hadi likakaribia kusimama lenyewe. Ndevu nimenyoa. Mkononi nimebeba mfuko wa mapapai na matango, maana kwenye nyumba ile siku hizi huendi na keki wala biskuti, labda kama unataka kufukuzwa. Nikagonga. Aliyefungua mlango ni yeye mwenyewe, mchumba wangu, lakini uso ameufunika kwa kitambaa kuanzia puani kwenda chini. Yamebaki macho tu. Na macho yale hayakuwa na karibu.

"Umekuja," alisema.

"Si tulikubaliana, mpenzi? Leo si ndiyo siku yetu?"

"Ingia. Wanakusubiri."

Hakunipa mkono. Mfuko wa matunda aliuacha mikononi mwangu, nikaingia nao kama mchuuzi aliyekosea nyumba.

Sebuleni walikuwa wawili. Shangazi yake, mwenye nyumba, mama mnene wa maneno mengi anayenipenda kuliko ninavyostahili, alikuwa kwenye kochi akijipepea na mfuniko wa sufuria. Kando yake alikaa kaka mkubwa, aliyemlea mchumba wangu tangu wazazi wao walipoondoka duniani. Huyu ni msimamizi wa ghala, kazi yake ni kuwapangia wenzake zamu na kuwauliza kwa nini wamechelewa, na hata siku ya mapumziko kalamu haimtoki mfukoni. Mbele yao walikuwa wameweka kiti kimoja, peke yake, katikati ya chumba, kama cha kinyozi.

"Kaa hapo," alisema kaka mtu.

Nikakaa. Mimi watu wa kuniambia kaa hapo nawajua. Mke wangu wa kwanza, Mungu amrehemu, walimzungusha hao hao hospitalini. Mwenye kusaini yuko kikaoni, mwenye ufunguo wa chumba cha mashine ameenda semina, mkuu wa wodi anasema mrudi kesho. Tukarudi kesho, tukarudi tena, hadi siku niliyorudi nyumbani peke yangu. Tangu hapo mtu akikaa mbele yangu na kalamu mfukoni, damu yangu inaanza kuchemka kabla hajasema neno.

"Mdogo wangu," alisema yule kaka, "hebu mwonyeshe."

Akafungua kitambaa.

Uso niliouacha Alhamisi ukiwa laini kama ganda la yai sasa ulikuwa umevimba. Vipele vilikuwa vimesimama mashavu yote mawili, vimeteremka kwenye taya hadi shingoni, vingine vimetunga maji, na katikati yake ngozi imevutika hadi inang'aa. Chini ya sikio alikuwa amejikuna pakachubuka.

"Nani amekufanyia hivi?" niliropoka.

Shangazi akaacha kujipepea. Kaka mtu akatabasamu, tabasamu la mtu aliyetega akaona kitu kimenasa.

"Hilo ndilo tulilokuitia," alisema.

* * *

Ili mnielewe, inabidi nirudi nyuma kidogo.

Mimi ni mwokaji mikate. Sikusoma sana, darasa nililiacha mapema, lakini tanuri nalijua kama mtu anavyojua kitanda chake. Nilipoanza kushindwa kuona namba za joto kwenye tanuri, meneja wetu hakuniuliza nina shida gani. Aliniunguzia masikio kwa matusi kwa sababu ya trei moja iliyobabuka. Ndipo nikaenda duka la miwani, na huko ndiko nilikomkuta mchumba wangu.

Kazi yake ni kuwavisha watu miwani. Anakaa karibu na uso wako kiasi cha kusikia unavyopumua, anashika masikio yako, ananyoosha vipini, halafu anakushikia kioo ujione. Siku ile niligundua kitu kimoja. Kioo alikishika kimeinama upande. Kilinionyesha mimi, ukuta na taa. Yeye hakuwemo, hata bega. Kila mteja aliyekuja baada yangu alimfanyia vilevile. Duka lina vioo kila upande, na mwanamke huyu alikuwa amejifunza kupita katikati yake asionekane hata katika kimoja.

Ni kwa sababu ya vipele. Alikuwa navyo tangu usichana. Walishampa mafuta ya kupaka ya kila rangi, vidonge, sabuni za kunuka, kila daktari na lake, wakubwa wote hao na makoti yao meupe, na hakuna aliyemsaidia. Mimi sikuviona vipele. Niseme ukweli, niliviona, lakini niliona na macho yaliyo juu yake, na vile vidole vilivyoniwekea miwani taratibu kama anaogopa nitavunjika. Nikaanza kurudi dukani. Leo kipini kimelegea, kesho kioo kina ukungu.

"Baba, hii miwani wewe unailalia?" aliniuliza siku moja.

"Naikalia makusudi," nilimjibu, "nipate kuja."

Alicheka na kufunika mdomo kwa kiganja. Nikampa jina, nikamwita Kioo. Yeye akaniita Mwokaji, na alivyolitamka ungedhani ni cheo.

Mapenzi yetu yalikuwa ni mkate. Nikitoka zamu napita dukani na mkate wa moto ndani ya shati, nauvunja, kile kipande cha mwisho chenye ganda gumu nampa yeye. Anakila amefumba macho. Mwanamke akila mkate wako amefumba macho, unataka nini tena duniani?

Halafu mbele ya duka lao likafunguliwa jumba la mazoezi. Humo mna mwalimu, kijana wa mabega, wote tunamwita Msuli. Msuli ndiye aliyemletea habari.

Kioo aliniambia tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya duka. Mkate ulikuwa mapajani kwangu unatoa moshi, na yeye hakuugusa.

"Inaitwa Paleo," alisema.

"Ni dawa?"

"Si dawa. Ni kula kama watu wa kale kabisa, kabla hawajajua kulima. Nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, korosho kidogo. Basi."

"Na mkate?"

Akatazama viatu vyake. "Hawakuwa na mkate."

"Wali?"

"Hapana."

"Maharage? Maziwa? Sukari kwenye chai?"

"Hapana, hapana na hapana."

"Ndiyo maana wamekufa wote," nilisema.

Alicheka hadi machozi, akanipiga begani. Lakini mkate hakuula. Nilirudi nao nyumbani, nikauweka mezani, tukatazamana mimi na mkate.

Nilidhani atachoka. Hakuchoka. Alibeba mayai ya kuchemsha kwenye mkoba. Alikula samaki asubuhi wakati wenzake wanakunywa chai na maandazi. Mwanzoni kichwa kilimuuma, akawa mkali, ukimwuliza saa anakujibu kama umemtukana. Halafu taratibu uso ukaanza kutulia. Vile vikubwa vya kwenye taya vikasinyaa. Mwasho ukapungua. Madoa yakabaki, lakini kama alama za maji yaliyokauka, unayaona ukitaka kuyaona. Shangazi yake alisema ni kuacha soda. Mwenzake wa dukani alisema ni maji mengi anayokunywa. Yeye alisema ni ngano, kwamba ngano ndiyo ilikuwa adui yake miaka yote.

Ngano. Ambayo ni mimi. Iko kwenye kope zangu, kwenye mikunjo ya shingo, chini ya kucha. Nikiukung'uta mkono wangu juani, inapaa.

Siku moja nilipita dukani nikamkuta anamvisha mteja miwani. Kioo alikishika sawasawa, kimenyooka, nyuso mbili ndani yake, ya mteja na ya kwake. Na mteja, mwanaume wa tai, hakuwa anaitazama miwani.

Nilipaswa kufurahi. Nilisimama pale mlangoni na mkate ndani ya shati na kifua kinaniungua, na si kwa sababu ya mkate.

Tangu hapo usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Kila kitu nikakitilia shaka. Anacheka na simu, anacheka na nani? Amenunua hereni, kazinunua kwa ajili ya nani? Kumbe kila asubuhi alikuwa akijipiga picha ya shavu na kumtumia Msuli.

"Ya nini?" nilimwuliza.

"Ya kulinganisha. Anaona maendeleo."

"Maendeleo ya shavu?"

"Mwokaji, ni shavu tu."

"Leo shavu. Kesho?"

Alininyamazia siku hiyo hadi jioni. Na mimi, mdomo wangu huu, nikaenda kwa shangazi yake kulia shida. Nilimwambia maneno ambayo mtu anasema akiwa na uchungu, na shangazi naye akayahifadhi.

* * *

"Twende taratibu," alisema kaka mtu siku ile ya Jumamosi, amekunja mguu juu ya mguu. "Alhamisi ulimletea mdogo wangu mkate."

"Ndiyo. Mkate wa korosho. Hauna unga."

"Nani alikwambia utengeneze?"

"Hakuna. Niliutunga mwenyewe. Korosho za kusaga, mayai, ndizi mbivu. Nilikaa baada ya zamu, tanuri likiwa bado na joto. Nilitaka..." Nilimgeukia Kioo. "Ulisema unakumbuka ganda gumu. Nilitaka upate ganda gumu."

Kioo alikuwa amesimama karibu na dirisha, kitambaa amekishika kwa mikono miwili.

"Aliula Alhamisi," aliendelea kaka mtu. "Akaula Ijumaa asubuhi. Kwa sababu anakuamini. Ijumaa mchana kaanza kujikuna kazini mbele ya wateja. Jioni kawa hivyo unavyomwona. Nimempigia yule mwalimu wake, amesema hakuna swali, mkate ule ulikuwa na ngano."

"Msuli ameuonja?"

"Hakuuonja."

"Sasa amejuaje? Ameota?" Sauti ilinipanda. "Kwa nini hamumwulizi huyo Msuli anayempa mayai utadhani analisha nyoka? Labda ni mayai! Na wale madaktari na mafuta yao, labda bado yamo ndani ya ngozi! Mnanikalisha mimi hapa kwa sababu mimi ni mtu mdogo, mwokaji, mjane. Mkubwa hata siku moja hamumkalishi!"

"Punguza sauti ndani ya nyumba yangu, mwanangu," alisema shangazi, lakini kwa upole.

"Shangazi, wewe unanijua. Niambie. Mimi naweza kumtia sumu mtoto wako?"

"Ngano si sumu."

"Kwake sasa ni sumu, si ndivyo wanavyosema?"

Shangazi akatazama mfuniko wake wa sufuria. Nikaona midomo inamchezacheza, na nikajua amekumbuka maneno yangu.

"Shangazi," alisema Kioo, mara ya kwanza tangu nikae. "Ulinianzia neno asubuhi hukulimaliza. Alikwambia nini?"

"Aa, maneno tu. Mtu akiwa na wivu anasema."

"Alisema nini?"

"Mwenyewe yupo hapo, mwulize."

"Nakuuliza wewe."

Shangazi akashusha pumzi ndefu. "Alisema alikupenda na vipele vyako. Akasema afadhali zamani, hakuna aliyekuwa akikutazama. Akasema... akasema anatamani vingerudi hata kwa wiki moja, yule kijana aone kama atabaki."

Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wenye gurudumu linalolialia.

"Ahaa," alisema kaka mtu. Alichomoa kalamu mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Nilisema kwa hasira!" nilisimama. "Nani hajawahi kusema kitu kwa hasira? Haki ya Mungu, kwenye mkate ule sikutia hata chembe. Meza niliifuta. Kinu nilikiosha. Hata bakuli nililitumia la nyumbani kwangu, la plastiki, lile la kijani, halijawahi kuona ngano!"

"Mtu aliyezika mke wa kwanza," kaka mtu alimwambia dada yake, kana kwamba mimi sipo, "wa pili anamshika kwa kucha. Nilikwambia mapema. Atakufungia kabatini, hata jua usilione."

"Wewe!" Shangazi alimrushia mfuniko, ukampiga gotini. "Huo ulimi utaufuga mpaka lini? Marehemu umemwingiza wa nini hapa?"

"Nasema ninachokiona."

"Unaona nini, na wewe miwani hujavaa!"

Siku nyingine tungecheka. Kioo aliondoka dirishani, akaja akasimama mbele yangu. Karibu. Niliona jinsi vipele vilivyomfunga pembe ya mdomo asiweze kuufungua vizuri. Nilitamani kuugusa ule uso. Mkono ukanyanyuka, halafu nikakumbuka mkono wangu umetoka wapi, nikaurudisha.

"Twende jikoni," alisema.

"Kufanya nini?"

"Unionyeshe ulivyoutengeneza. Mwanzo mpaka mwisho."

"Na korosho ziko wapi?"

"Hazihitajiki. Fanya kwa mikono tu. Kopo lako la kuokea limeoshwa, lipo pale."

* * *

Jiko la shangazi ni dogo. Meza ya mbao, jiko la gesi, friji linalonguruma kama lina mafua. Kaka mtu aliegemea friji. Shangazi alijaza mlango. Kioo alisimama upande wa pili wa meza, mikono ameikunja, kama anasubiri mteja achague fremu.

"Anza," alisema.

Nilijiona mjinga. Mwanaume mzima nimesimama na shati la posa, navunja mayai ya hewa. "Mayai," nilisema, "hapa, kwenye bakuli. Nikapiga hivi." Nikapiga. "Ndizi nikaziponda kwa uma. Korosho nikazisaga, nikachekecha, nikarudia kusaga yale mabonge." Kazi ni kitu cha ajabu. Baada ya muda nikasahau wanaonitazama. Mikono ikashika mwendo wake, mabega yakashuka. Niliwaeleza jinsi rojo la korosho lisivyoumuka, ni lazima utenganishe ute wa yai uupige peke yake hadi ufanye povu, la sivyo utapata tofali.

"Hapo nikachukua kopo," nilisema, nikalichukua. "Nikalipaka mafuta, pembe zote, maana linashika kwenye pembe. Tanuri lilikuwa na joto la wastani, si lile kali la mikate ya kawaida, kwa sababu korosho zina mafuta, zinaungua upesi, kwa hiyo nikafungua kijilango kidogo..."

"Simama hapo hapo," alisema Kioo.

Nikasimama.

"Mkono wako wa kushoto umefanya nini sasa hivi?"

"Upi?"

"Huo."

Niliutazama. Ulikuwa umeshika ukingo wa kopo.

"Umeshika kopo," nilisema.

"Kabla ya hapo. Rudia. Paka mafuta."

Nikarudia. Nikapaka mafuta ya hewa, pembe moja, pembe ya pili. Na safari hii niliuona mwenyewe. Mkono wa kushoto uliondoka bila kuniaga, ukashuka chini kando ya meza, usawa wa nyonga, pale ambapo kule kazini linakaa pipa la unga. Ukachota. Ukanyunyiza ndani ya kopo. Mkono wa kulia ukalizungusha kopo, ukaligonga mezani, ko, ko, kukung'uta unga uliozidi.

Kando ya meza ya shangazi hapakuwa na pipa. Palikuwa na ndoo ya taka.

Friji lilinguruma, likazimika, likawaka tena.

"Ni... huwa tunafanya hivyo," nilisema. Sauti haikuwa yangu. "Ili mkate usishike. Kila kopo, kila siku. Lakini siku ile sidhani. Siku ile nilikuwa makini."

"Leo pia ulikuwa makini," alisema kaka mtu.

"Meneja ndiye anayeweka pipa pale! Nimemwambia mara ngapi, sogeza pipa, watu wanajikwaa, hataki kusikia, yeye anakaa ofisini na feni yake..."

"Na mkono ni wa meneja?" aliuliza Kioo.

Nikaliweka kopo mezani.

"Kila siku ni wakubwa," aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya chini, ndiyo iliyouma zaidi. "Miwani ikivunjika, wakubwa. Mvua ikinyesha, wakubwa. Hospitali nakuelewa, ile nakuelewa na nitalia nawe juu yake hadi nife. Lakini jikoni hapa, Mwokaji, mkubwa ni nani?"

"Mimi nimemaliza," alisema kaka mtu, akajitoa kwenye friji. "Maongezi ya ndoa hayapo. Aliyefanya kwa kusudi na aliyefanya kwa mazoea, mimi siwatofautishi, wote wawili watamrudisha mdogo wangu nyuma ya kitambaa. Baba, beba mapapai yako."

"Mapapai anaacha," alisema shangazi. "Matunda yana kosa gani? Mkono ni mazoea tu, hata mimi nikipita kitandani kwa mtu nanyoosha shuka. Mwacheni."

"Shangazi, usimtetee."

"Simtetei, nasema mapapai yanabaki!"

"Kaka," alisema Kioo. "Shangazi. Naomba mtuache."

"Hatukuachi naye."

"Kaka, umenilea, na nashukuru, na nitashukuru daima. Lakini atakayeolewa ni mimi. Na uso ni wangu. Tokeni."

Alitoka akibenua midomo. Shangazi alimfuata, na kabla ya kufunga mlango alinikata jicho ambalo sikulielewa, nusu huruma, nusu onyo. Nikasikia kochi likilia. Hawakwenda mbali.

Tulibaki wawili na meza katikati yetu. Mwanga wa dirishani ulimpiga ubavuni, ukaonyesha kila kipele, na yeye hakugeuka. Alisimama nao wote mbele yangu. Hata kwenye kioo cha dukani, siku zile nzuri, hakuwahi kusimama hivyo.

"Nitaacha kazi," nilisema. "Kesho. Nitafanya kazi yoyote, nitabeba mizigo, nitaosha magari. Hutaona unga tena maishani mwako."

"Sijakuomba uache kazi."

"Basi nitasogeza pipa mwenyewe. Nitanunua kopo jipya, likae nyumbani, nitaokea nyumbani. Nitafunga huu mkono kwa kamba."

Kidogo acheke. Pembe ya mdomo ilimchezea, ikamuuma, akaituliza kwa kidole.

"Mkono siugombezi," alisema. "Mkono hauna nia. Hata mimi nikiongea na mtu barabarani najikuta nanyoosha vidole nimwekee sawa miwani ambayo hakuvaa. Na huenda si ngano. Huenda ni korosho, nilikuwa sijawahi kuzila nyingi hivyo. Huenda ni mayai kama unavyosema, huenda ni joto, huenda ni hofu ya siku ya leo. Yule mwalimu hajui. Kaka hajui. Mimi mwenyewe sijui, na nimechoka kujifanya najua."

"Basi tuanze upya, Kioo wangu. Vitapona. Vilipona mara ya kwanza."

"Vitapona."

Alizunguka meza. Alikuja hadi mahali anaposimama akiwa kazini, karibu na uso wangu, kiasi cha kusikia ninavyopumua. Miwani yangu ilikuwa imepinda kwa jasho. Aliishika kwa ncha za vidole, akainyanyua, akaifuta kwa kile kitambaa alichojifunika nacho, akanivisha tena, taratibu, kipini cha kulia, kipini cha kushoto. Vidole vyake vilikuwa na moto. Nilitaka kuvishika nivibusu kimoja kimoja, nikaogopa hata kupepesa macho.

"Unaniona?" aliuliza.

"Nakuona."

"Vizuri?"

"Vizuri kabisa."

"Basi usimtaje meneja, usimtaje Msuli wala kaka yangu, na usinijibu haraka." Mikono yake ilibaki masikioni mwangu. "Ulipouona uso huu umerudi kama zamani, kuna mahali ndani yako, hata padogo kiasi gani, palipofurahi?"